Karatasi Hutangulia Msingi

Nyumba ya askari ni nyumba ya kuazima. Siku ya kuajiriwa hupewa chumba katika laini. Siku ya uhamisho hukirudisha. Na siku anapovua sare kwa mara ya mwisho, ufunguo hurudi kwa ofisa anayehusika na makazi. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Jinja huanza shule Mbarara na kumaliza darasa la saba huko Arua. Kaya nzima hujizoeza kuishi na vitu vinavyobebeka: magodoro, masufuria, na lile sanduku la bati ambalo ndani yake mna vyeti vya shule, kadi za chanjo na picha ya harusi.

Kwa sababu hiyo hamu ya askari ya kuwa na nyumba yake mwenyewe ni kubwa, tena ni ya haki. Lakini hamu hiyo ina pacha wake, naye ni haraka. Mkopo ukitoka leo katika chama cha akiba, kiwe Wazalendo cha wanajeshi au Exodus cha polisi, kesho lori limekwisha kumwaga mchanga kiwanjani na fundi amekwisha kunyoosha kamba. Kibali cha ujenzi huachwa nyuma, kana kwamba ni chumvi ya kuongezwa baada ya mboga kuiva. Wengine hawakikumbuki kabisa mpaka asubuhi wanapokuta ukuta umepigwa alama ya msalaba kwa rangi nyekundu. Hapo ndipo akiba ya miaka kumi na mitano hugeuka kifusi, ilhali mkopo hubaki palepale, ukikatwa katika mshahara kila mwisho wa mwezi.

SI MAMBO YA MJINI PEKE YAKE

Wako wengi wanaoamini kwamba kibali ni jambo la Kampala na miji mingine mikubwa, na kwamba mtu akinunua ardhi mbali na lami yuko huru kujenga apendavyo. Imani hiyo ina asili yake. Sheria ya zamani ya mipango ya miji na vijiji, iliyotungwa mwaka 1964, ilihusu maeneo yale tu yaliyotangazwa rasmi kuwa ya mipango. Lakini mwaka 2010 Uganda ilipata Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, nayo ikatamka kwamba nchi nzima ni eneo la mipango. Mwaka 2013 ikafuata Sheria ya Udhibiti wa Majengo. Kwa sheria hiyo, mtu hana ruhusa ya kuanza kujenga bila kibali cha kamati ya majengo ya wilaya au ya mji wake. Na jengo likiisha, haliingiwi mpaka lipate kibali cha pili, yaani cha kulikalia.

Sheria hizi hazikutungwa ili kumsumbua mnyonge. Mwezi wa Septemba 2004, jengo lililokuwa likiinuliwa Bwebajja, kando ya barabara ya Kampala na Entebbe, lilianguka na kuua watu waliokuwa kazini. Kwa upande wa magharibi, wazee wa Toro na Bundibugyo wangali wanakumbuka tetemeko la Machi 1966, lililobomoa nyumba na kuua watu wengi. Ardhi ya huko haijaacha kutikisika. Ilitikisika tena kwa nguvu Februari 1994. Basi ofisa anapouliza habari za nondo na za mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya madirisha, haulizi mambo ya anasa. Anauliza kama watoto watakaolala ndani wataamka salama.

KIWANJA KILICHOKUWA NA DADA WAWILI

Mambo haya huonekana vizuri zaidi yakitazamwa katika kaya moja. Sajini mmoja wa polisi, mwenye mke na watoto wanne, alipata kiwanja wilayani Wakiso mwaka 2021. Alikuwa amebakiwa na miaka saba kabla ya kustaafu. Kiwanja kilitajwa kuwa "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa futi 100, kipimo ambacho madalali wa Uganda hukitamka usiku na mchana. Hesabu yake ni desimali kumi na moja na nusu hivi, maana desimali 100 ndizo zifanyazo ekari moja. Muuzaji alileta nakala ya hati ya mailo yenye muhuri, akataka nusu ya fedha siku ileile kwa kuwa, kama alivyodai, wateja wengine walikuwa njiani.

Mke wa sajini alikuwa ameuza nguo za mitumba kwa miaka mingi, na biashara ile ilikuwa imemfundisha kutonunua robota kabla ya kulifungua. "Baba watoto," alisema, "nakala hata mtoto wa shule huitoa dukani. Tukaulize serikali inalijuaje shamba hili." Sajini aliona haya kumtilia shaka mzee aliyewakaribisha chai. Hata hivyo alitoa arubuni ndogo tu, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa baraza la kijiji, yaani LC1, kisha wakaenda katika ofisi ya ardhi ya kanda kuomba hati ichunguzwe.

Uchunguzi huo ni hatua ndogo kwa gharama na kubwa kwa faida. Hutoa jina la mwenye ardhi kama lilivyo katika daftari, ukubwa wa eneo, namba ya bloku na ya kiwanja, na kila mzigo uliowekwa juu yake, uwe mkopo wa benki au zuio la mtu anayedai haki. Katika hati ile palikuwa na zuio. Dada wawili wa muuzaji walikuwa wameliweka, kwa sababu shamba lilikuwa la marehemu baba yao na halijagawanywa.

Sajini alighadhibika, akataka kudai arubuni yake na kutafuta mahali pengine. Mkewe aliomba kwanza wawaone wale dada. Walikuwa wanawake wenye makamo, mmoja mjane, wala hawakupinga kuuza. Walichopinga ni kutoulizwa. Ukoo uliketi, sehemu zikatengwa, na baada ya miezi mitano zuio likaondolewa. Ndipo mpima ardhi mwenye leseni alipokata kiwanja kutoka katika hati kubwa, ushuru wa stempu ukalipwa kwa kiwango cha asilimia moja na nusu ya thamani, na hati mpya ikaandikwa. Laiti wangejenga kwanza, wale dada wangekuja na hukumu ya mahakama wakati paa limekwisha kuezekwa.

JINA LA NANI KATIKA HATI

Siku ya kujaza fomu za hati lilizuka neno jingine, nalo lilikuwa zito kuliko la zuio. Mke aliomba majina yawe mawili. Sajini hakukataa, lakini alinyamaza siku mbili, na katika laini habari zikavuja, wenzake wakaanza kumtania kwamba anajiandikia kufukuzwa nyumbani kwake.

Mke hakujibu utani kwa utani. Alimkumbusha mumewe jirani yao wa zamani, mjane wa askari. Mumewe alifia kazini. Alikuwa amenunua shamba kwa jina la kaka yake ili "lilindwe" wakati yeye yuko safarini. Mjane alipewa muda wa kuhama kota, akafunga vyombo, akafika shambani akakuta shemeji amekwisha kulipangisha. Hakuna aliyemwibia usiku. Yote yalifanyika mchana, kwa karatasi, na karatasi hazikuwa na jina lake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 humkinga mke au mume kwa kiasi fulani, kwa kuwa ardhi ambayo familia huishi au hutegemea haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi iliyoandikwa. Lakini kinga hiyo husaidia pale ambapo ardhi inajulikana kuwa ya wenye ndoa hao. Kwa askari neno hili lina uzito wake wa pekee. Tangu Machi 2007 majeshi ya Uganda yamekwenda Somalia kulinda amani. Wengine wamelinda mipaka, na polisi hupelekwa Karamoja au Kasese kwa taarifa ya siku moja. Aendaye mbali hana budi kuacha nyuma mtu anayeweza kutia sahihi. Siku ya tatu sajini alijaza fomu kwa majina mawili, la mkewe likiwa la kwanza, akasema kwamba mwenye kufungua robota ndiye astahiliye kutangulia.

MCHORO NI MASHAURI YA KAYA

Ndipo ikaja kazi ya ramani. Kwanza waliuona mpango wa eneo katika ofisi ya wilaya, wakakuta kwamba njia ya mbele, iliyoonekana kuwa ya baiskeli tu, imepangwa kupanuliwa. Sehemu ya mbele ya kiwanja haikuweza kujengwa. Mpima alifungua mipaka, akaonyesha mawe yalipo, na sajini akashuhudia kiwanja chake kikipungua mbele ya macho yake bila mtu kumnyang'anya hata mita moja. Hasara ile ilikuwa faida: aliijua angali na kalamu mkononi.

Sajini alikuwa na nyumba yake kichwani kwa miaka kumi. Ilikuwa na vyumba vitano na nguzo nne za mbele, kama ya kamanda aliyewahi kumlinda. Msanifu majengo hakuzikataa nguzo. Aliuliza tu maswali: Watalala watu wangapi? Maji yatatoka wapi, na yakiisha kutumika yatakwenda wapi? Mvua ya huko hupiga kutoka upande gani? Mshahara utakuwa kiasi gani mwaka nyumba itakapoanza kudai rangi?

Kwa maswali hayo kaya ilikaa kitako jioni kadhaa, watoto nao wakisikiliza. Mke alisema kwamba jiko la ndani bila tundu la moshi ni kaburi la mapafu, kwa kuwa watapikia makaa hata kama umeme utafika. Alitaka jiko la nje lenye paa, mahali pa tangi la kukinga maji ya mvua, na mlango usio na ngazi kwa ajili ya mama mkwe ambaye magoti yake yamechoka. Binti mkubwa aliomba choo kisiwe mwisho wa kiwanja penye giza. Sajini alihesabu mkopo, akahesabu miaka iliyobaki, na nguzo zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Walikubaliana juu ya vyumba vitatu vya kulala, ukichorwa tangu mwanzo upande ambao nyumba itaweza kurefushwa watoto watakapopata kazi.

Hapa ndipo thamani ya maombi ya kibali hujificha. Watu huona fomu. Hawaoni kwamba fomu ile huilazimisha familia kusema kwa sauti mambo ambayo ingeyagombania baadaye juu ya zege. Mume na mke wasioweza kukubaliana mbele ya karatasi hawatakubaliana mbele ya fundi anayedai ujira wake.

Bunda lililopelekwa mwishoni lilikuwa na fomu ya maombi iliyojazwa, nakala ya hati pamoja na uthibitisho wa umiliki, mchoro wa mahali kiwanja kilipo na wa jinsi nyumba itakavyokaa ndani yake, ramani ya nyumba ikionyeshwa kutoka juu, kutoka kila upande na kama iliyokatwa katikati, michoro ya mhandisi kuhusu msingi, nguzo, nondo na paa, na mahali pa shimo la maji machafu. Michoro ilikuwa na sahihi na mihuri ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa na bodi zao. Jambo hili lisipuuzwe. Mchoraji wa mtaani ni rahisi, lakini ukuta ukipasuka hana bodi ya kumwita ajieleze.

MTU WA IJUMAA

Karibu na kila ofisi yenye foleni hapakosi mtu asiye na meza. Alimfuata sajini nje ya lango, akamwita afande kwa heshima zote, akasema, "Nipe laki tano, Ijumaa nakuletea kibali chenye muhuri. Hata kukagua hawaji."

Sajini alikuwa amesimama katika foleni tangu saa mbili asubuhi, na ruhusa yake ya kazi ilikuwa inakwisha siku ileile. Lakini kwa miaka mingi alikuwa ameandika kaunta maelezo ya watu waliolia kwa ajili ya hati bandia, na aliyajua maneno yao ya kwanza, ambayo hayabadiliki: kwamba mtu yule alionekana mwaminifu na muhuri ulionekana wa kweli. Alirudi katika foleni. Ada alizilipa benki, na risiti zikaingia katika sanduku la bati pamoja na kadi za chanjo.

Kibali cha bandia hakina nguvu yoyote siku ya shida. Nyumba iliyojengwa kwa kibali hicho haina tofauti na iliyojengwa bila kibali, ila tu mwenye nyumba ana kesi mbili badala ya moja.

MAOMBI YALIPORUDI

Maombi ya kwanza yalirudishwa. Ofisa alikuwa ameandika mambo mawili: shimo la maji machafu limeukaribia mno mpaka wa jirani, na chumba kimoja cha kulala kina dirisha dogo kupita kiasi. Wakati huo sajini alikuwa amekwisha kuhamishwa kwenda Moroto. Aliposikia kwa simu alifoka, akasema ni hila za kutafuta chai.

Mkewe alisoma maelezo yale mara mbili, akaenda kiwanjani na kamba ya kupimia. Kisima cha jirani, ambacho kaya tatu huchota maji, kilikuwa upande uleule wa shimo. Wataalamu wa afya hushauri choo au shimo la maji machafu lisiwe karibu na kisima chini ya mita 30, na lao lingekuwa nusu ya umbali huo. Ofisa hakuwa ameomba chai. Alikuwa amewaombea majirani maji safi, nao ndio ambao familia ingeishi nao maisha yote. Mke alimpigia mumewe simu, akamwambia, "Baba watoto, kufuta mstari kwa mpira ni rahisi kuliko kubomoa ukuta kwa nyundo. Mimi nitamwona msanifu kesho." Na kwa kuwa jina lake lilikuwamo katika hati na katika maombi, aliweza kumwona msanifu, kutia sahihi marekebisho na kuyarudisha mwenyewe, bila kumngoja mtu aliye Moroto.

Kibali kilitoka mwaka 2023. Kikabandikwa ndani ya mfuko wa nailoni, na nakala yake ikawekwa kiwanjani ili mkaguzi aione. Mkaguzi alikuja mitaro ya msingi ilipokuwa wazi kabla ya kumwagwa zege, akaja tena kuta zilipofika kimo cha lenta. Safari hiyo alihesabu nondo, akakuta zimepungua kuliko zilivyochorwa. Fundi alikuwa ameona nyingine zitafaa kwingine. Mke hakuwa mhandisi, lakini alikuwa na mchoro mkononi na aliweza kuhesabu mpaka nne. Tangu siku hiyo fundi alimwita mama mkaguzi, na nondo hazikupungua tena.

YA KUFANYWA KABLA YA MSHAHARA UJAO

Hapana shaka njia hii ni ndefu. Humchosha mtu mwenye ruhusa ya siku tatu, na ofisi nazo zina siku ambazo mwenye faili yuko semina. Kwa hiyo mwenye nia ya kujenga aanze mapema kuliko anavyofikiri, yaani wakati akiba ingali inakua, si siku mkopo unapotoka. Mwaka mmoja wa karatasi unaotangulia fedha haumgharimu riba. Mwaka mmoja wa karatasi unaofuata fedha humla mkopaji akiwa hai.

Mpango mwema kwa kaya ya askari ni huu. Hati ichunguzwe kabla ya kulipa bei ya ardhi. Mipaka ifunguliwe na mpango wa eneo utazamwe kabla ya kuchora: barabara, nyaya kubwa za umeme, ukingo wa mto na bwawa la mafunjo havihami kwa sababu ya cheo cha mtu. Mchoro ufanywe kwa kipato cha kustaafu, si kwa kipato cha leo chenye posho ya operesheni. Maombi yapelekwe na wahusika wenyewe, na kila shilingi iwe na risiti. Tofali la kwanza lilazwe kibali kikiwa mkononi, na siku ya kuingia, kibali cha kukalia jengo kifuate.

La mwisho halina ada. Jioni moja, televisheni ikiwa imezimwa, mume na mke wafungue sanduku la bati pamoja na kutoa karatasi zote za ardhi juu ya mkeka. Kila mmoja ataje ni ipi ni hati, ipi ni risiti, ipi ni mapatano ya mauzo, na jina la nani limeandikwa wapi. Mtoto mkubwa akae karibu na asikilize. Pasipo na jina linalostahili kuwapo, liandikwe wakati mwenye kuliandika yupo nyumbani, kabla ya amri ya uhamisho haijasomwa kwenye gwaride.